Mchezaji Hageuzi Mshale

Mwanangu Mejumaa,

Salamu nazifupisha, kwani shikamoo yako ya asubuhi niliiitikia mikono ikiwa imejaa unga, na ukirudi kutoka kwa bibi yako huko Ramisi utanipa nyingine. Naandika alasiri hii ukiwa hupo kwa sababu ukiwepo nitaanza kukuuliza kama umekula, na hapo ndipo maneno yangu yote huishia. Barua nitaitia katikati ya zile leso mbili nilizokukunjia. Usiisome kivukoni Likoni. Isome basi likishapita Mackinnon Road, mahali ambapo huwezi tena kumwambia dereva akushushe urudi nyumbani.

Habari za sweta, za blanketi, za baridi ya Kericho na za kutouacha mkoba wazi nimeshakuambia, mpaka baba yako akaniuliza kama nakupeleka chuo cha ualimu au nakupeleka vitani. Hizo basi. Lipo jingine, na limenikaa kooni tangu adhuhuri.

Nilikusikia, mwanangu. Ulikuwa nyuma ya jiko na simu sikioni, nami nilikuwa naanua nguo. Ulikuwa ukisema na kakako Bakari, ukamwambia, "Basi kama yako ni ya haraka, anza wewe. Mimi nimezoea kungoja." Kisha ukacheka. Maneno ningeyavumilia. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza, nikasimama pale na shuka mkononi kama mtu aliyesahau shuka hutumika kwa kazi gani.

Najua Bakari anataka nini. Amepata mtu wa malori huko Mackinnon Road, amemwahidi kazi akiwa na leseni, na mafunzo ya udereva yanataka ada mwezi huu huu. Na nyumba hii, kama tunavyojua sote, haiwezi kusomesha wawili kwa mara moja. Ni mmoja kwanza, halafu mwenzake. Kwa hiyo ukimpa yeye, kesho basi litaondoka Mombasa na kiti kitupu, na mwezi ujao utarudi Diani kufua mashuka ya hoteli. Naogopa. Naogopa usiende, na naogopa uende ukiwa tayari umeshika njia ya kurudi, ukikwama kidogo useme bora nimwachie kakangu. Chai niliyojimiminia imepoa.

Acha nikukumbushe habari za meza.

Unajua nilivyofika pale. Nilikuwa nauza viazi karai kando ya kiwanja cha mpira wa kikapu cha shule yenu, siku za mechi. Mwalimu Tsuma, mwalimu wenu wa michezo, alikuwa na taabu moja: kila anayemweka mezani kuandika pointi na kushika saa, hutoroka kabla ya mchezo kwisha. Siku moja akanijia akaniambia, "Mama Bakari, wewe hutoroki kwa sababu ya karai lako. Njoo ukae mezani." Nikamwambia mimi mpira huo siujui, naona watoto wanakimbizana tu. Akasema kazi ya kuandika atampa mwingine, mimi atanipa mshale.

Mshale wenyewe baba yako ndiye aliyeuchonga, kwa kipande cha ubao kilichobaki kwenye mlango wa hoteli aliokuwa akiutengeneza. Akaupaka rangi nyekundu, akautia msumari katikati juu ya kibao ili uzunguke. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzito kidogo upande mmoja, kwa hiyo upepo wa bahari haukuuweza.

Mwalimu Tsuma alinifundisha kwa subira ambayo sikuistahili. Akaniambia, "Mchezo ukianza, refa hurusha mpira juu kati ya wawili. Mmoja ataupata, mwingine ataukosa. Walioukosa, mshale unawaelekea wao. Basi huko mbele wakishikana mpira watu wawili, huyu hauachii na huyu hauachii, haturushi tena juu. Tunaitazama meza. Wenye mshale wanapewa, wanauingiza kutoka nje ya mstari, kisha unaugeuza. Safari nyingine ni ya wenzao. Na kila robo mpya ikianza, ni vivyo hivyo."

Nikamuuliza, "Hata kama yule mwingine ndiye aliyekuwa na nguvu zaidi?"

"Hata kama."

"Hata kama ndiye aliyeushika mwanzo, akaanguka, akalia?"

Mwalimu akacheka. "Mama Bakari, mshale hausikii kilio. Unakumbuka tu nani alipewa mara ya mwisho."

Nilidhani nimeelewa. Kumbe nilikuwa nimeelewa nusu. Kwanza nilikuwa na haraka. Refa akimpa mchezaji mpira tu auingize, mimi tayari mkono uko kwenye mshale nageuza, nimalize kazi yangu niangalie mafuta. Mwalimu alikuwa akinishika kifundo cha mkono. "Subiri. Haujaguswa." Maana yake, zamu haijatumika mpaka mpira uguswe na mtu aliye ndani ya kiwanja. Ukiwa bado mikononi mwa yule aliye nje, au hewani, zamu bado ni yake, na mshale haugeuzwi.

Na tena kuna mambo mawili yaliyonichukua muda mrefu kuyashika. Anayeuingiza mpira akikosea mwenyewe, akakawia kuutoa au akatia mguu ndani kabla ya kuuachia, zamu yake imekwisha. Hata kama mpira haukuingia. Unageuza, na hakuna cha kusema masikini hakupata kitu. Lakini wapinzani wakimfanyia madhambi kabla mpira haujaguswa, zamu haijaliwa. Mshale unabaki pale pale, bado ni wake.

Nilimwambia Mwalimu hiyo ya kwanza ni ukatili. Mtu hakupata chochote, kisha unamwambia zamu yako imepita? Akanijibu kwamba alipata. Alipata mpira mikononi, na kiwanja chote mbele yake. Alichofanya nao ni habari nyingine.

Sasa ile siku.

Unaijua, ulikuwepo, ila hatujawahi kuizungumza mimi nawe tukiwa tumekaa. Mlikuwa mnacheza na wasichana wa upande wa Ramisi. Ikafika mapumziko. Wakati wa mapumziko timu hubadilishana vikapu, na kwa kuwa mshale huelekea upande ambao wenye zamu wanaushambulia, nao hugeuzwa, ili uendelee kuwa wa wale wale. Ni kugeuza kwa ajili ya upande, si kwa ajili ya mwenyewe. Nikaugeuza, wallahi nakumbuka sasa niliugeuza. Kisha wateja wakanijia kama kumbikumbi, viazi, chachandu, huyu hana chenji, mwenye njaa hangoji. Nikarudi mezani mikono ina mafuta, robo ya tatu inaanza, nikautazama mshale nikajiuliza, nimegeuza au sijageuza?

Ningeweza kusema. Refa alikuwa kijana wa bara aliyekuwa akiishi Ukunda, mwenye adabu zake, akaniita mama kwa lugha yao ya vijana, "Mathe, mshale uko wapi?" Ningemwambia, mwanangu ngoja, sina hakika. Ingekuwa aibu ndogo, watu wangecheka, Mwalimu Tsuma angekuja tukafikiri pamoja. Lakini nilikuona wewe umesimama kwenye mstari ukihema, na moyoni nikawa nataka mpewe nyinyi. Mkono ukageuza. Sikusema nawapendelea. Nilisema, bila shaka nilisahau, acha nigeuze. Mtu akiwa hana hakika, mkono wake hukimbilia kwa yule anayemwogopea.

Kuanzia hapo kila zamu ikawa imekwenda upande usio wake, mpaka mwisho. Ukaja ule mpira chini ya kikapu, wewe na yule msichana mrefu wa Ramisi mmeushika, mnavutana, mmelala chini wote wawili. Refa akaonyesha vidole gumba juu, akatazama meza. Mshale ukawa wenu. Na wewe, Mejumaa, kabla hujainuka vumbini ulinitazama. Ulijua. Uso wako ulikuwa ukiniuliza, mama, una hakika? Nami nikakuitikia kwa kichwa. Mkaingiza mpira, mkafunga, mkashinda kwa kikapu hicho kimoja.

Yule msichana mrefu hakupiga kelele. Alikuja kwenye karai langu, akanunua viazi kama mteja mwingine, akaniambia polepole, "Mama, shikamoo. Ule ulikuwa wetu." Nikamwambia mshale haukosei. Nikamwongezea kiazi kimoja, eti. Akakirudisha kwenye sinia.

Wewe jezi uliirudisha wiki ile ile. Baba yako alipokuuliza, ulisema umechoka. Kwa dirisha nilikusikia ukimwambia mwenzio, "Watasema nashinda kwa sababu ya mama." Mimi nikajitia kukaanga. Mwalimu Tsuma hakunifukuza, ila alileta mshale wa plastiki, akasema huu ni mwepesi kwako. Wa baba yako ukarudi nyumbani pamoja na kibao chake, ukawa wa kufunikia mtungi wa maji, na hapo ndipo ulipo mpaka leo.

Nakuandikia haya si kwa sababu ya mpira. Mpira ulikwisha, na wale wasichana wa Ramisi sasa wana watoto wao. Nakuandikia kwa sababu kosa lile lile nililifanya ndani ya nyumba, na hili nalo unalijua kuliko mimi.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Bakari. Alikuwa mkubwa, haikuwa na ubishi. Tukampeleka Mombasa kujifunza umeme, akakaa, akachoka, akaacha, akarudi na simu mpya na maneno mengi. Hakuna aliyemfukuza. Alitia mguu ndani mwenyewe. Kisha ukaja wewe na barua yako ya kuitwa chuo, ile ya kwanza, ukaniletea jikoni unaruka. Nami nikasema, ngoja mama. Nikasema ile ya Bakari hakuimaliza, kwa hiyo haihesabiki. Nikasema mtoto wa kiume akikaa bure Ukunda na wale vijana wa ufukweni atapotea, bora tumpe tena. Nilikuwa nalia nikikuambia, unakumbuka, nawe ndiye uliyeninyamazisha. Ukaniambia, "Usilie, mama, mimi nitapata." Ukaenda kufua mashuka.

Na ile ya pili nayo hakuimaliza.

Wewe hukunilaumu ila mara moja tu. Siku ile nilipokuwa nakusimulia jinsi Mwalimu Tsuma alivyokuwa akinishika mkono mezani, nikacheka peke yangu. Ukasema, "Mshale wa kiwanjani unaukumbuka vizuri, mama. Wa hapa nyumbani je?" Ukainuka ukaenda kuosha vyombo. Nilikasirika, nikasema mtoto huyu amekosa adabu. Kumbe nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshikwa.

Kwa hiyo sikiliza, na unisikilize vizuri kwa sababu sijui kama nina ujasiri wa kuyasema haya kwa mdomo asubuhi. Wewe unadhani zamu yako ilikwisha kupita. Unadhani hii ya kesho ni hisani, kitu unachoweza kumpa mwingine ukitaka kuwa dada mwema. Siyo. Ulipokuwa umesimama nje ya mstari na mpira mikononi, aliyekufanyia madhambi ni mimi. Wala hujakosea wewe. Zamu yako haijaliwa hata siku moja, mwanangu. Imekuwa yako miaka yote hii uliyokuwa ukifua mashuka ya watu.

Nilipofika hapa, simu ililia. Alikuwa Bakari. Nikaiweka kalamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mejumaa amekuambia?"

"Hajaniambia. Nimesikia."

"Basi ndivyo hivyo, mama. Amenipa mwenyewe. Sikumlazimisha, wallahi. Amesema yeye anaweza kungoja."

Mejumaa, nusura nimkubalie. Unajua sauti yake anapoomba, inakuwa ile ile ya utotoni. Nilikuwa nimeelekea kabati, nikauona ule mshale juu ya mtungi, rangi imebabuka. Nikakumbuka kitu ambacho Mwalimu Tsuma aliwaambia nyinyi wasichana siku mliyokuja mezani mkigombana, huyu akiuvuta huku, huyu akiuvuta kule. Alisema mchezaji hageuzi mshale, hata akitaka kuwapa wenzake. Hiyo si kazi yake. Ni kazi ya meza.

Nikamwambia Bakari, "Hawezi kukupa. Hana ruhusa ya kukupa. Anayegeuza ni mimi na baba yako, nasi hatujageuza."

Nilisikia lori likipita huko aliko. Kisha akasema, "Na mimi je, mama? Huyu mtu hatanisubiri."

Nikasema, "Huenda asikusubiri. Utatafuta mwingine. Utangoja, Bakari, kama alivyongoja mwenzio."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aguse."

Hakunielewa, yeye mpira wa kikapu hakuupenda. Alikata simu bila kuniaga, na hilo hajawahi kunifanyia. Sikufichi, namwogopea. Namwona yuko Ukunda na hasira yake, na jua linaelekea kuzama, na sijui atakaa na nani jioni hii. Nimemwomba baba yako aende akamtafute wanywe chai. Ameshachukua baiskeli. Naogopea wawili kwa mara moja, na dawa ya hofu hiyo sina. Nilichojifunza ni kwamba hofu yangu isiwe ndiyo inayoshika mshale.

Huko uendako nawe utakuwa mwalimu, labda wa michezo kama ulivyotaka, na watoto watakujia wameshika kitu kimoja wawili, huyu hauachii na huyu hauachii. Utajua la kufanya. Mimi nakuomba moja tu: siku usipokuwa na hakika, sema huna hakika. Sema kwa sauti, refa asikie. Mamako alishindwa, na kwa kushindwa kule ulipoteza mchezo uliokuwa ukiupenda.

Na ukikwama huko, na utakwama, usiniambie "mpeni Bakari". Niambie umekwama. Tutatafuta njia.

Nasikia lango. Ni mbuzi wa jirani, si wewe. Bado kidogo utafika na mihogo ya bibi yako, na utaniona nimepika pilau nyingi kupita kiasi, usiseme kitu, kula tu.

Ule mshale nimeutoa juu ya mtungi, nimeufuta, nimeuweka juu ya kabati, umeelekea mlangoni. Baba yako kabla ya kutoka alikwisha kuuliza kwa nini maji hayana kifuniko. Ukifika stesheni ya Kericho nipigie, lakini huko bado ni hewani. Ukifika langoni kwa chuo nipigie pia, na hapo napo bado. Siku utakayokaa kwenye dawati, mwalimu akaliita jina lako nawe ukaitika, siku hiyo ndiyo nataka uniambie neno moja tu, hata kama una haraka, hata kama salio limekwisha na unaazima simu ya mwenzio. Sema, "Mama, nimegusa."

Kabla ya hapo sitaugeuza, hata aje nani.

Mimi mzazi wako,
Mama Mejumaa